Matuta Kwenye Goti la Kobelo

Kosa ni la kisu, nilijiambia. Jumatatu, saa tano asubuhi, nilipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya bonge, ukucha ukaruka, na jambo la kwanza nililofanya ni kukitukana kisu. Miaka kumi na tisa nachonga magoti ya plastiki na ukucha wangu haujawahi kuruka juu ya kazi yangu mwenyewe.

Nikasimamisha mashine, nikasogeza taa. Kweli, matuta. Madogo mno, mtu mwingine asingeyaona, lakini yamejipanga kutoka ukingo hadi ukingo kama shamba la viazi. Tuta pana, tuta jembamba. Pana, jembamba.

"Mwanaharamu wewe," nikakiambia kisu. "Umegusa chuma, eh? Nani kakugusisha chuma?"

Maana kwetu kisu cha plastiki hakigusi chuma hata siku moja. Kikigusa kinapoteza ukali usioonekana, na kuanzia hapo hakikati, kinasugua. Kikisugua kinachoma, na plastiki inayeyuka na kuning'inia kwenye meno kama kamasi. Visu vyangu nimevifungia kwenye kasha lenye kufuli na ufunguo nauvaa shingoni.

"Unagombana na nani, Mluguru?"

Mihayo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha tanuru, anajifuta jasho. Yeye ndiye anayeyeyusha plastiki na kutoa mabonge, mimi ndiye ninayechonga. Ni Mnyamwezi, mtani wangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunisema mpaka siku ya kuzikwa kwangu, na siku hiyo ndiyo atazidisha. Mama yangu alipofariki, Mihayo aliteremka kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Tulicheka huku machozi yanatutoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, na anaifanya bila mshahara.

"Nagombana na kisu," nikamjibu. "Au na bonge lako. Umelikausha vizuri? Lisije likawa limekunywa maji."

Akaja, akavua glovu, akaweka kiganja juu ya bonge. Akakaa hivyo kitambo, amefumba macho kama mganga wa uongo.

"Semeni," akaniita kwa jina, "mtu wako huyu hajafa. Anatembea. Nenda kawaambie wamtoe kwenye orodha ya marehemu."

"Aka! Ninyi Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka vichwa vimebonyea. Sasa hata maiti mnaiona iko safarini."

"Nakwambia anatembea. Tena anakwenda sokoni, nasikia harufu ya dagaa."

Tukacheka wote wawili. Akarudi kwenye tanuru lake na mimi nikabadilisha kisu.

*

Bonge lile halikuwa la mtu baki. Lilikuwa la Kobelo, mume wangu. Kwa kanuni lilipaswa kuchongwa na fundi mwingine, ila nilibembeleza mpaka Bi Hidaya, msimamizi wetu, akachoka na uso wangu.

Kobelo ni fundi mwashi. Miaka miwili iliyopita ukuta wa ghorofa ulimwangukia na mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Tangu hapo tuko kwenye foleni ya Bohari ya Viungo, na hatimaye zamu yake ilikuwa imefika: Alhamisi, saa mbili asubuhi. Daktari angeanza na kitako, kile kinachozama ndani ya mfupa wa paja na hakitoki tena. Goti lenyewe hupachikwa chini yake, na hilo mtu analivua na kulivaa kama kiatu. Vyote viwili vinachongwa kutoka bonge moja, kwa sababu plastiki sikivu haisikilizani ila na ndugu yake wa tanuru moja. Paja likitaka kwenda, kitako kinamwambia goti, na goti linakunja kabla mwenyewe hajawaza.

Akiikosa Alhamisi, anarudi mkiani mwa foleni. Na daktari alishatuambia wazi kwamba mfupa wake umeanza kulainika. Miaka miwili mingine hautashika kitako chochote. Ni Alhamisi au ni magongo mpaka kaburini.

Mafuta ya kutengenezea plastiki mpya yaliisha kabla sijazaliwa. Kwa hiyo mtu akifa, goti lake hurudishwa Bohari, linagongwa muhuri wa MAREHEMU, kisha Mihayo analiyeyusha kwa moto mdogo, anaongeza chenga za plastiki kuukuu, anatoa bonge jipya. Moto mkubwa ungeua usikivu. Kitako kinabaki na mwenyewe ardhini, kinapoa, na goti linanyamaza. Plastiki iliyonyamaza inakatika kama sabuni.

Hili halikukatika kama sabuni. Nilibadilisha visu vitatu. Nikapunguza kasi ya kisu, nikaongeza mwendo wa meza, maana kisu kikikawia mahali pamoja kinapika badala ya kukata. Nikasogeza bomba la upepo lipulize machicha yasije yakakatwa mara mbili. Nikafungua jiriwa, nikalaza gazeti chini ya bonge, nikakaza tena kwa mkono mwepesi. Nikamwita fundi wa bearingi, akazikagua zote, akasema mashine yangu ni nzima kuliko yeye. Majaribio yote hayo nilifanya pembeni, sehemu ambayo ingekatwa na kutupwa, na kila nikimaliza napitisha ukucha. Wenzangu wanatumia kiganja. Mimi viganja vyangu vimekufa ganzi kwa miaka ya mtikisiko, nimebakiwa na kucha.

Saa nane kasoro uso ukatoka laini kama kioo. Nikapiga vigelegele peke yangu. Saa tisa, kisu kilekile, kasi ileile, matuta.

"Yarabi," nikasema, "mimi nimerogwa."

Jumanne ikawa hivyohivyo. Saa moja asubuhi matuta. Saa tatu matuta, tena yamekaribiana kama ya mtu mwenye haraka. Saa saba mchana laini. Saa nane na nusu matuta. Niliandika ukutani kwa chaki mpaka ukuta ukajaa, nikakaa chini kuutazama kama mtoto aliyepewa hesabu za darasa la mbele. Umeme? Umeme haukuyumba. Joto? Saa saba ndiyo joto kali, ilipaswa iwe mbaya zaidi. Kichwa kiliniuma hata chai ikanishinda.

Bi Hidaya akapita na miwani yake puani. "Semeni, kesho saa kumi nataka kitako na goti mezani kwangu. Lenzi ya ukaguzi haina huruma. Tuta moja tu likiingia kwenye nyama, linabanduka chembe chembe, nyama inaoza. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Nalijua, Bi mkubwa."

"Na msasa usiguse."

"Sijawahi kugusa msasa." Msasa unaacha mchanga ndani ya plastiki, na mchanga ule ndani ya mtu ni sumu. Alijua siwezi, alisema kwa sababu aliona macho yangu.

Mihayo alichungulia akiwa anatoka. "Umemwambia Bi Hidaya kwamba mtu anatembea?"

"Mihayo, leo sina nguvu za utani."

Alisimama kidogo, kama anataka kuongeza neno. Kisha akaenda zake.

*

Nilirudi nyumbani jua halijazama, nikiwa na kipande cha bonge mfukoni, kile cha pembeni nilichokikata. Kobelo alikuwa amekaa kizingitini na viatu vyake viwili vya sikukuu. Kile cha kulia kilikuwa kimekaa sandukuni miaka miwili. Alikuwa anakipaka dawa.

"Usinicheke," akasema.

"Nani kacheka?"

"Macho yako." Akanyoosha mkono. "Leta nione huo mguu wangu, walau kipande."

Nikampa. Akakigeuza, akakipuliza vumbi, akakiweka kiganjani. Viganja vya mwashi ni vigumu lakini vinasikia. Fundi wa ukuta anajua tofali limepasuka kabla hajaliona.

"Mbona kinatetemeka?"

"Hakitetemeki. Ni damu yako mwenyewe."

"Mke wangu, nina miaka arobaini na sita, naijua damu yangu. Humu mna mdudu." Akakiweka shavuni, akatulia. "Anagonga, anaburuta. Anagonga, anaburuta." Akaacha kutabasamu. "Semeni, huyu anatembea kama mimi."

Miaka miwili namsikia Kobelo akivuka uani kwenda bombani: gongo, halafu mguu unaoburutwa. Muda mrefu, muda mfupi. Pana, jembamba. Nilikuwa nimeyachonga matuta hayo siku mbili nzima na kuyaandika ukutani kwa chaki, na sikuyatambua.

"Anakwenda wapi saa hizi?" Kobelo aliuliza, kama anauliza habari za jirani.

"Sijui."

"Si walisema amekufa?"

"Wamegonga muhuri."

Nikamweleza nilivyoelewa, na nilivyoelewa kulikuwa vipande vipande. Mtu huyo, mwanamke au mwanamume, bado ana kitako pajani, kina joto, na kila akipiga hatua kitako kinaita goti lake. Goti lenyewe liko kwenye jiriwa yangu. Akikaa, kama saa saba mchana, linatulia, na uso unatoka laini. Akitembea, linatetemeka chini ya kisu.

"Na mimi nikiwekewa?"

"Kitako chako kikipata damu, bonge lote linakuwa lako. La kwake linakuwa kiziwi. Itabidi wamkate paja juu zaidi wakitoe."

Kobelo alifunga kopo la dawa ya viatu. Alilifunga polepole, kisha akalitupa uani kwa nguvu zake zote, kuku wakatawanyika.

"Kwa hiyo mimi nitambae? Eh? Miaka miwili nimepanga foleni, nimehakikiwa, nimepimwa kama ng'ombe wa mnada, leo ndiyo nasikia goti lina mwenyewe? Kwani mimi ndiye niliyemwandika amekufa?"

"Sijasema wewe."

"Basi maliza kazi yako!" Nami nilikuwa nalia, sijui tangu saa ngapi. Aliniona, akashusha sauti, ikawa mbaya zaidi kuliko kelele. "Chonga anapokaa. Si umesema anakaa saa saba? Chonga. Na ukimaliza, Semeni, tafadhali, usiniambie ilikuwaje."

*

Jumatano asubuhi nilimfuata Mihayo kwenye tanuru hata kabla sijavaa aproni.

"Uliniambia kweli?"

Hakuuliza kweli gani. "Nilikwambia mara mbili."

"Ulikuwa unacheka!"

"Mimi nacheka siku zote. Sura niliyozaliwa nayo hii."

"Mihayo! Mtani anasema maiti inatembea, nani atamwamini? Ungekuja kama mtu, ukaniita pembeni, ukasema dada Semeni, kuna jambo."

Alikaa juu ya gunia la chenga. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kuchekesha mdomoni, nikaogopa.

"Bonge ni la shemeji," akasema. "Ningekuja kama mtu, ningekuwa nimekuamulia. Nikalisema kwa utani, ukitaka kulisikia ulisikie, ukitaka kulipitisha ulipitishe, na mimi na wewe tubaki kama tulivyo. Sikuona njia nyingine."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshukuru. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na kipi.

"Amekuwaje marehemu?" nikauliza.

"Uhakiki wa walio hai. Unakosa mara tatu, mtambo unakuzika. Labda alipeleka goti matengenezo, akaugua, akakosa kuhakikiwa. Karakana ikaletewa orodha, goti likaletwa kwangu. Hakuna aliyeiba, Semeni. Ndiyo maana ni vigumu."

Mwenye haki ya kukataa bonge ni mchongaji peke yake, kwa fomu, kwa sahihi yake na sababu yake. Mimi miaka kumi na tisa sijajaza fomu ile. Hata rangi yake nilikuwa nimeisahau.

Niliandaa kazi. Sikumwambia mtu nimeamua nini kwa sababu sikuwa nimeamua. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake na kichwa kinazunguka kama pia. Nilitangulia kukata kwa ukali, nikaacha nusu milimita juu ya kitako na juu ya goti. Nikalegeza jiriwa, nikaliacha bonge lipumue, maana plastiki iliyobanwa inajikunja ikiachiwa. Saa saba kasoro robo nikakaza tena kwa vidole viwili. Nikafunga kisu kipya, hakijawahi kuonja hata hewa.

Mkato wa mwisho ni dakika kumi na moja. Hauna kupumzika. Ukisimama katikati, kisu kinaacha kovu, na chini ya kovu hakuna tena pa kukata.

"Weka kiganja hapa," nikamwambia Mihayo, nikamwonyesha ubavu wa bonge. "Wewe una mikono inayosikia."

Akaweka. "Amekaa," akasema. "Amekaa kabisa."

Nikawasha.

Sijapata kuona uso mzuri kama ule. Machicha yalitoka marefu, meusi, yanajisokota na kuruka kwa upepo, na nyuma ya kisu kulibaki weusi unaong'aa hadi nikaona sura yangu, na kilemba changu kimekaa upande. Dakika tatu. Dakika tano. Nilimwona Kobelo anavuka uani bila gongo. Nilimwona juu ya ukuta, mwiko mkononi, anamtukana kibarua wake. Nilifurahi, haki ya Mungu, siwezi kusema uongo. Dakika nane.

"Amesimama," Mihayo akasema.

Nikatazama nyuma ya kisu. Laini.

"Hatembei?"

"Hatembei. Amesimama tu."

Dakika tisa. Zimebaki mbili. "Bado?"

"Bado. Kasimama palepale. Anatetemeka kidogo, ila hajaondoka." Mihayo akanitazama. "Unaweza kumaliza, Semeni. Kama unamaliza, unaweza."

Mtu aliyesimama hapigi hatua, na asiyepiga hatua haachi tuta. Ningemaliza, lenzi ingepitisha, Bi Hidaya angesaini, na kesho saa mbili kitako kingekuwa ndani ya mfupa wa mume wangu.

Lakini mimi najua kusimama kule. Kila asubuhi Kobelo anashika mwimo wa mlango, anasimama. Hatazami kitu. Anakusanya nguvu za hatua ya kwanza, kwa sababu hatua ya kwanza ndiyo inayouma, zilizobaki zinaifuata tu. Nimesimama nyuma yake miaka miwili na kikombe cha chai kinapoa mkononi, sithubutu kumsemesha.

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Kisu kikateremka kidogo kabla hakijakoma, kama vinavyofanya vyote, kikazama. Kovu la urefu wa ukucha, katikati ya weusi ule. Mashine ikanyamaza, nikasikia kompresa ya chumba cha pili.

"Sasa anatembea," Mihayo akasema taratibu, kiganja bado juu ya bonge.

Fomu ni ya njano. Niliijaza palepale juu ya meza ya mashine, mafuta yakaichafua. Penye sababu ya kukataa niliandika: Mwenyewe anatembea. Mihayo akasaini kama shahidi. Bi Hidaya aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaisoma mara ya tatu, akaniuliza kama nina akili timamu. Nilimwambia sijui. Bohari watamtafuta mtu wao, au watagonga muhuri mwingine. Hilo nalo silijui.

*

Kobelo alikuwa kizingitini palepale. Kopo la dawa alikuwa ameliokota. Viatu vyote viwili vinang'aa.

"Umemaliza?"

"Nimesimamisha."

Nilingoja kopo liruke. Nilingoja anitukane, na ningeyapokea yote.

"Nilikwambia usiniambie ilikuwaje."

"Umeniuliza mwenyewe."

Aliingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, akakigeuza huku na huku. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimekipaka mara tatu," akasema. "Mara tatu, Semeni."

"Nimeona."

"Sijui kama nitakusamehe."

"Hata mimi sijui."

Alikiweka kiatu chini, akavuta gongo, akashika mwimo, akanyanyuka. Akasimama. Nilikaa palepale nilipokuwa, na safari hii nilijua yeye anajua kwamba namtazama.

"Huyo mtu wako," akasema bila kugeuka, "wakimpata, mwambie asisimame muda mrefu namna hii. Paja linakufa ganzi. Ahesabu mpaka tatu, aondoke."

Akahesabu mpaka tatu kwa sauti, akaingia ndani.